Biashara ya Dakika Tano Inamlipa Nani?

Leo siandiki habari za Linux wala simu mpya. Leo nina ugomvi, na nitausema waziwazi.

Ugomvi wangu ni na hawa wanaouza masomo ya "mbinu za muda mfupi". Yaani jinsi ya kuingia na kutoka sokoni ndani ya dakika tano, dakika moja, hata sekunde kadhaa, kwenye fyucha, opsheni, sarafu za kigeni na vitu vingine ambavyo mwalimu mwenyewe ukimuuliza ni nini anaanza kukuonyesha picha ya gari. Hapa Kona ya Musa darasa hili halina mlango. Liko WhatsApp, liko Telegram, liko YouTube, liko kwenye kijiwe cha boda boda na kwenye chumba cha wafanyakazi wa hoteli kule Diani. Kijana anamaliza zamu ya usiku, badala ya kulala anafungua chati.

Na kwa vile watu wa mtaani wanajua mimi kazi yangu ni kuandika programu, ombi linakuja kwangu hivi: "Kaka, nitengenezee roboti. Mimi mbinu ninayo, wewe kompyuta unayo, tutagawana." Jibu langu ni HAPANA, na posti hii ni sababu zake kwa urefu.

Ninachosema ni kitu kimoja tu. Mbinu za muda mfupi hazifundishwi kwa sababu zinamfaa mwanafunzi. Zinafundishwa kwa sababu kila unapobonyeza kitufe kuna mtu analipwa, na mtu huyo si wewe. Kadiri muda unavyokuwa mfupi, ndivyo unavyobonyeza mara nyingi. Basi. Mengine yote hapa chini ni hesabu.

KWANZA TUJUE TUNAZUNGUMZIA NINI

Sitaki mtu aseme napinga nisichokielewa. Fyucha na opsheni si uchawi, na wala si ngeni kwetu kama tunavyodhani.

Tuseme una miembe Msambweni, na maembe bado machanga. Anakuja mnunuzi kutoka Mombasa, mnapatana leo kwamba yakiiva atayachukua kwa shilingi 10 kila moja. Bei ikipanda sokoni Kongowea, amefaidi yeye. Ikishuka, umefaidi wewe. Lakini wote wawili mmelala usingizi, maana bei mnaijua. Hiyo ndiyo fyucha: mkataba wa kununua na kuuza siku za mbele kwa bei mliyopatana leo. Kwenye soko rasmi mkataba huo umepangwa sawasawa, kiasi ni kile kile na tarehe ni ile ile kwa kila mtu, na katikati kuna taasisi inayoshika dhamana ya kila upande ili asiwepo wa kukimbia.

Opsheni nayo ni ndugu wa arubuni. Umeona kiwanja Ukunda, bei milioni moja, na pesa zote huna. Unatoa arubuni ya elfu hamsini mwenyewe akuwekee kwa miezi mitatu, bei isibadilike. Ukipata pesa, unanunua. Ukighairi au muda ukipita, arubuni imekwenda. Tofauti ni kwamba arubuni kwa kawaida huhesabiwa ndani ya bei ukinunua, lakini ada ya opsheni haihesabiwi. Tena opsheni yenyewe inauzwa na kununuliwa sokoni, na kila siku inayopita, mengine yakibaki kama yalivyo, thamani yake inayeyuka kama barafu juani.

Kenya soko la namna hii tunalo. Soko la hisa la Nairobi lilizindua NEXT tarehe 4 Julai 2019, lenye fyucha za faharasa ya NSE 25 na za hisa za makampuni makubwa kama Safaricom, KCB na Equity. Faida yake? Chama chenu kina hisa za Safaricom, hamtaki kuziuza, lakini mnaogopa bei itashuka kabla ya mwisho wa mwaka. Mnauza fyucha. Hisa zikishuka, fyucha inawarudishia. Hiyo ni kinga, kama kufunga mkanda ndani ya matatu ya Likoni. Na mimi na mkanda sina ugomvi!

Sasa muulize huyo mwalimu wa mbinu ni lini alifundisha kinga. Hafundishi. Wanafunzi wake wengi hata NEXT hawajaisikia. Wanachotredi si fyucha ya Nairobi wala ya Chicago, bali ni mkataba wa tofauti ya bei, CFD, kati yao na dalali wa mtandaoni, ambaye mara nyingi ofisi yake iko kisiwa fulani. Hununui dhahabu wala dola. Unabishana na dalali kwamba bei itapanda, basi. Na madalali wengi wa aina hiyo hukaa wenyewe upande wa pili wa ubishi: ukipoteza, kimeingia kwao.

HESABU YA ADA

Haya, chukua kalamu. Kijana ana shilingi 20,000 kwenye akaunti. Dalali anamwambia: "Nitakukopesha mara 100." Sasa anachezea milioni 2. Anajiona tajiri. Hapo pana mambo mawili.

La kwanza. Bei ikienda kinyume chake kwa asilimia 1 tu, asilimia 1 ya milioni 2 ni shilingi 20,000. Yaani akaunti yote. Na asilimia 1 kwa sarafu kama euro si tufani, ni jambo linaloweza kutokea kati ya asubuhi na jioni.

La pili, ambalo halisemwi kabisa. Kila mara kuna bei ya kununua na bei ya kuuza, na iliyo katikati ni ya dalali. Tuchukue euro kwa dola, tuseme bei ni 1.10 na pengo ni 0.0001. Pengo dogo sana, sivyo? Ukiligawa kwa bei linakuwa kama asilimia 0.009. Lakini hulipi kwa 20,000 yako, unalipa kwa milioni 2 uliyokopeshwa. Hiyo ni kama shilingi 182 kila unapoingia na kutoka. Mbinu ya dakika tano inakutaka uingie mara 10 kwa siku: 1,820. Ndani ya siku 11 za kazi umelipa 20,020.

Soma tena. Siku 11, na ada imekula mtaji wote, HATA KAMA ushindi wako na hasara zako zimetoshana. Ili ubaki pale pale ulipoanza, unatakiwa uwe na uhodari wa kuongeza mtaji wako maradufu kila wiki mbili na ushei. Mvuvi wa Gazi akiambiwa kila siku ya bahari alipe asilimia 9 ya thamani ya chombo chake kabla ya kutia wavu, atakuuliza kama una akili timamu.

Mtu yule yule akiingia mara moja kwa mwezi, bila mkopo, ada inakuwa kitu cha kupuuza. Kwa hiyo sumu imo katika wingi wa mara ukizidishwa na ukubwa wa mkopo. Na hivyo viwili ndivyo "mbinu za muda mfupi" zimejengwa juu yake.

Opsheni za binari, zile za "itapanda au itashuka ndani ya dakika", hesabu yake ni fupi zaidi. Unaweka 100. Ukishinda unapewa faida ya 85, ukikosa unapoteza 100. Ili usipate wala usikose unatakiwa ushinde zaidi ya mara 54 katika 100. Ukishinda nusu kwa nusu, kila mia ya mikeka inakula shilingi 750. Ndiyo, nimesema mikeka. Kubeti ni kubeti, hata ukivalishwa tai.

KUCHORA MISTARI JUU YA BAHATI NASIBU

Hapa ndipo mwandishi wa programu anapotaka kulia. Kuna bidhaa inayopendwa sana na vijana inaitwa Volatility 75. Wengine huiita V75. Haifungi usiku, haifungi Jumapili, haifungi Idi. Unajua kwa nini? Kwa sababu si soko! Ni namba zinazotengenezwa na kompyuta, programu ya kutoa namba za kubahatisha. Dalali anayeiuza, Deriv, kampuni ambayo zamani iliitwa Binary.com, haifichi jambo hili. Imeandika yenyewe kwamba faharasa hizo ni za kuigiza na hazitegemei habari za dunia.

Halafu mtu anakaa masaa mawili YouTube kujifunza kuchora "ukuta" wa juu na wa chini kwenye chati ya V75. Anakwambia "bei imekataa kuvuka hapa", "wakubwa wameingia sokoni". Wakubwa gani? Hakuna wakubwa mle, hakuna wanunuzi, hakuna Benki Kuu, hakuna vita wala ukame. Kuna seva na namba. Programu nzuri ya kubahatisha kazi yake moja ni kuhakikisha namba iliyopita haikuambii chochote kuhusu ijayo. Kama mbinu ya kuchora mistari ingefanya kazi pale, maana yake programu imeharibika, na wahandisi wangeirekebisha kabla hujamaliza chai yako.

Sasa fikiri. Mwalimu huyo huyo anatumia mistari ile ile kwenye V75, kwenye dhahabu na kwenye euro, na anasema inafanya kazi kote kwa ubora ule ule. Kama mganga akikwambia dawa yake inamponya mgonjwa na inamponya pia mdoli wa plastiki, utasema nini kuhusu dawa hiyo?

WALIOHESABU KABLA YETU

Utasema, "Wewe ni mtu wa Kona ya Musa tu, unajua nini?" Sawa. Tuwasikilize waliohesabu kwa daftari kubwa.

Brazil, watafiti Chague, De-Losso na Giovannetti waliwafuatilia watu wote walioanza kutredi fyucha za soko la hisa kwa siku moja moja kati ya 2013 na 2015. Wakaangalia wale walioendelea zaidi ya siku 300 za soko, yaani si wale waliojaribu wakakata tamaa, bali wenye bidii. Walikuwa 1,551. Asilimia 97 yao walipoteza pesa. Waliopata zaidi ya mshahara wa kima cha chini wa Brazil ni asilimia 1.1. Na watafiti hawakuona dalili kwamba kadiri mtu alivyoendelea ndivyo alivyojifunza. Kumbuka hilo la mwisho mtu akikwambia "hasara ni ada ya shule". Shule gani hii ambayo darasa la nane wanajua sawa na darasa la kwanza?

India nako kuna wachezaji wengi sana wa fyucha na opsheni. Septemba 2024 mamlaka yao ya masoko, SEBI, ilitoa hesabu ya miaka mitatu ya fedha iliyoishia Machi 2024. Watu binafsi zaidi ya milioni 10. Kati ya kila 100, watu 93 walipata hasara, wastani wa kama rupia laki 2 kila mmoja pamoja na ada. Jumla ya hasara ilipita rupia trilioni 1.8. Na zaidi ya robo tatu yao walikuwa watu wa kipato cha chini ya rupia laki 5 kwa mwaka. Si matajiri wanaocheza na ziada.

Ulaya, mwaka 2018, mamlaka ya masoko ESMA ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye CFD hupoteza pesa. Wakapiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida opsheni za binari kuanzia Julai 2018, na kuanzia Agosti mkopo wa dalali ukawekewa kikomo cha mara 30 kwa sarafu kubwa, na chini ya hapo kwa vitu vingine. Uingereza ikaifanya marufuku ya opsheni za binari kuwa ya kudumu Aprili 2019. Kwa hiyo bidhaa iliyofungiwa mlango London na Paris ikatafuta mlango mwingine. Mlango wenyewe ni simu yako na M-Pesa yako.

UNASHINDANA NA NANI?

Kwenye ile ripoti ya India kuna mstari ambao kila anayeniomba roboti anapaswa kuubandika ukutani. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, makampuni yanayotredi kwa pesa zao yalipata faida ya kama rupia bilioni 330, na wawekezaji wa kigeni kama bilioni 280, kabla ya ada. Asilimia 96 na 97 ya faida hizo zilitokana na biashara iliyoendeshwa na programu za kompyuta.

"Si ndiyo hiyo roboti ninayotaka!" Ngoja kwanza. Mwaka 2010 kampuni ya Spread Networks ilimaliza kutandaza waya wa intaneti kutoka Chicago hadi karibu na New York, kwa kutoboa milima njia ikae moja kwa moja, kwa gharama inayotajwa kuwa kama dola milioni 300. Kisa? Kwenda na kurudi kupungue milisekunde tatu hivi, ifike 13. Wateja wake walikuwa hawa hawa wa muda mfupi.

Sasa wewe uko Kona ya Musa. Kutoka hapa mpaka London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ukipita angani kama ndege. Nuru ndani ya waya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 kwa uchache, na hiyo ni kama waya umenyooka, haukunyooka, na kama stima haijapotea, inapotea. Kwa mchezo wa mwezi au mwaka, milisekunde 70 si kitu. Kwa mchezo wa sekunde ni kushindana mbio na gari huku umepanda mkokoteni. Ukichagua muda mfupi umechagua uwanja ambao wao ndio wana nguvu zaidi na wewe ndiwe dhaifu zaidi. Hata mtoto wa mpira wa ufuoni anajua usimchague mrefu kwa mipira ya kichwa!

Na walioweza kweli, unajua walifanya nini? James Simons alikuwa mwanahisabati wa Marekani, akaanzisha kampuni ya Renaissance, akajaza wanahisabati na wanafizikia. Mfuko wao wa Medallion ulipata faida ya ajabu kwa miaka mingi. Mwaka 1993 wakafunga mlango kwa wawekezaji wapya wa nje. Yaani mwenye mbinu inayofanya kazi HATAKI hata pesa zako, achilia mbali kukufundisha. Anaogopa ikijulikana itakufa. Halafu wewe unaamini kuna mtu Telegram mwenye mbinu hiyo, na anakuuzia kwa shilingi 5,000, ukilipa kabla ya Ijumaa 3,000.

"LAKINI FULANI AMEFAULU, NIMEMWONA"

Inawezekana kabisa. Tufanye hesabu nyingine. Chukua vijana 1,024 kutoka Tiwi, Ukunda, Kona ya Musa, Gazi mpaka Msambweni. Kila wiki kila mmoja arushe sarafu. Anayepata kichwa ameshinda, anayepata mkia atoke. Wiki ya kwanza wamebaki kama 512. Ya pili 256. Wiki ya kumi, kwa wastani, amebaki mmoja.

Mmoja huyo ameshinda wiki kumi mfululizo! Hakuiba, hakudanganya, picha za ushindi wake ni za kweli. Yeye mwenyewe anaamini ana kipaji. Anafungua darasa. Na wale 1,023 hawafungui darasa la kushindwa, wananyamaza, maana nani atamwambia mkewe kwamba pesa ya karo imekwenda kwenye chati? Kwa hiyo mtaani unasikia sauti moja tu, ya yule mmoja.

Roboti nazo ziko hivyo hivyo. Zile zinazouzwa kwa ajili ya MetaTrader, nyingi ndani yake kuna kamari ya zamani: ukikosa, weka mara mbili. Anza na 200, ukikosa 400, kisha 800, 1,600, 3,200, 6,400. Mara sita zimekula 12,600. Ya saba inataka 12,800, na kwenye ile 20,000 umebakiwa na 7,400. Kwisha. Kukosa mara sita mfululizo kwa mchezo wa nusu kwa nusu hutokea, kwa wastani, baada ya kama majaribio 126. Roboti ikiingia mara 20 kwa siku, ni siku sita au saba hivi. Siku tano za kwanza chati inapanda kama mnazi, unapiga picha, unawaonyesha marafiki. Siku ya saba kimya.

Nyingine zimeshonwa kwa bei za zamani. Mtu anajaribu mipangilio mia tano, anachagua moja iliyofanya vizuri mwaka jana, anakuuzia na mchoro wake. Hiyo ni kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu wa jana. Leo anakuja mtu mwingine.

BASI NANI ANALIPWA?

Tufuate pesa. Dalali analipwa kwa kila unapoingia. Mwalimu anakupa kiungo: "Fungua akaunti kwa kutumia hii." Kwa nini hiyo, si nyingine? Kwa sababu madalali wengi humlipa aliyeleta mteja, ama kwa kila biashara mteja anayofanya, ama sehemu ya wanachopata kutoka kwake. Ukishinda analipwa, ukishindwa analipwa, ukikaa kimya mwezi mzima hapati kitu. Sasa umeelewa kwa nini mbinu ni ya dakika tano na si ya miaka mitano? Umeelewa kwa nini kundi linatoa ishara za kununua na kuuza kila asubuhi, kama kwamba kila asubuhi kuna la kufanya? Ongeza ada ya darasa, ada ya kundi maalum na bei ya roboti. Huo ndio ujuzi wa kweli uliopo pale, na soko lake ni wewe.

Na wanaolipa ni nani huku kwetu? Ni mhudumu wa hoteli ambaye msimu wa mvua, Aprili hadi Juni, ameambiwa akae nyumbani mpaka watalii warudi. Ni kijana ambaye bodaboda yake bado ina deni. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza kuchimba Desemba 2024, na kuna familia nyingi za Kwale ambazo mshahara ulikatika na mkononi kukabaki malipo ya mwisho ya kazi. Pesa kama hiyo haiji mara mbili. Ndiyo maana nakasirika. Pesa ambayo ingenunua mashine ya kushona, mbuzi, au tangi la maji, inaingia kwenye milioni 2 za kukopeshwa na kufa kwa asilimia 1.

KABLA HUJALIPA, MASWALI MANNE

1. Dalali huyu ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya? Kanuni za biashara ya sarafu mtandaoni zipo tangu 2017, na mamlaka huorodhesha wenye leseni kwenye tovuti yake. Angalia mwenyewe, usipelekwe na kiungo cha mwalimu. Lakini usijidanganye pia: leseni inakuhakikishia kwamba kuna pa kulalamika, haibadilishi hesabu ya ada.

2. Mwalimu, nionyeshe taarifa nzima ya akaunti yako ya pesa halisi, miezi 24, kila biashara, pamoja na pesa ulizoweka na ulizotoa. Si picha ya simu, si akaunti ya majaribio. Mwenye duka la jumla Ukunda akiomba mkopo benki huonyesha vitabu. Wewe unayetaka pesa zangu ni nani usionyeshe?

3. Je, unalipwa chochote na dalali nikifungua akaunti kwa kiungo chako? Ndiyo au hapana. Akianza hadithi, umejibiwa.

4. Mbinu yako inaweza kuandikwa kwa maneno kumi yasiyo na "utahisi" wala "utaona"? Kama inaweza, mwandishi wa programu yeyote ataijaribu kwa bei za miaka iliyopita, ada zote zikiwemo, kwenye miaka ambayo haikutumika kuitengeneza. Kama haiwezi kuandikwa, basi si mbinu, ni mashairi.

Najua kuna watakaosema mimi nawakatisha vijana tamaa, kwamba nataka wabaki kuuza madafu. Ndugu yangu, muuza madafu anajua alinunua kwa ngapi na ameuza kwa ngapi. Hiyo tayari ni elimu kubwa kuliko ya darasa lile. Na anayependa namba kweli, njia ipo. Jifunze uwezekano na takwimu, jifunze Python, ni bure, kompyuta ya zamani inatosha. Vuta bei za zamani, jaribu mbinu mia, uone mwenyewe zinavyokufa moja moja ada ikiingia. Ukimaliza hapo utakuwa na ujuzi ambao watu wanaulipia mshahara, na shilingi 20,000 zako bado ziko M-Pesa.

Kwa hiyo anayetaka roboti ya kutredi kwa dakika tano, siandiki. Anayetaka programu ya KUIJARIBU mbinu yake kabla hajaweka shilingi hata moja, namwandikia bure na namwonyesha kila mstari. Mpaka leo waliokuja na ombi la kwanza siwezi kuwahesabu. Wa ombi la pili namsubiri. Kompyuta iko tayari.

Wasalaam.